Mtandao Unasumbua? Mbona Kukata Pesa Hausumbui?

Sekunde nne. Ndizo zilizotosha kuniondolea shilingi 385,000. Nimeweka namba ya siri, nimebonyeza, simu ikatetemeka kiganjani: muamala umekamilika, kumbukumbu namba hii, salio lako sasa ni hili. Safi. Nikarudi kwenye ukurasa wa duka la Dar es Salaam ninakonunua pampu ya maji. Kiduara kinazunguka. Tafadhali subiri. Kinazunguka. Usifunge ukurasa huu. Kinazunguka. Nimesimama chini ya mwembe hapa Gongoni, Tabora, mkono nimeunyoosha juu kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, maana mtaani kwetu mtandao unakamata pale tu. Dakika sita. Ukurasa ukawa mweupe, yakatokea maandishi mekundu: Samahani, kuna hitilafu, jaribu tena.

Nikajaribu tena. Sekunde nne. Shilingi 385,000 nyingine.

Pesa mara mbili, pampu hata nusu hakuna. Namba ya agizo hakuna. Risiti hakuna. Hata neno asante, ambalo muuza mchicha hunipa bure kwa fungu moja, hakuna.

Usinicheke, ndugu yangu. Na wewe umo. Kama si pampu ni tiketi, kama si tiketi ni ada ya mtoto. Umewahi kusimama mbele ya dirisha ukimwonyesha mtu meseji ya malipo, naye anakutazama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Ukaenda nyumbani, ukaulizwa, ukajibu nini? Ulitamka lile neno tunalolitamka sote, neno la kubembelezea watoto walale: mtandao unasumbua.

Unasumbua wapi? Hebu tuulizane taratibu. Kama mtandao unasumbua, mbona pesa imepita? Mbona meseji ya kukatwa haijawahi kupotea njiani? Mbona makato ya huduma yanafika kwa wakati, mpaka shilingi ya mwisho? Huu ni mtandao wa namna gani, unaojua kuchukua na usiojua kuleta?

Sisi wa Unyanyembe tunaijua njia iliyofungwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia ya misafara ya Ujiji, aliifunga kweli. Hakuna kitambaa kilichokwenda, hakuna pembe iliyorudi. Msafiri Stanley mwenyewe, na bunduki zake na bendera yake ya Marekani, alikwama hapa Tabora, na alipoondoka ilimbidi azunguke mbali kusini. Njia imefungwa maana yake imefungwa pande zote mbili. Na hata tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, tulielewa. Kebo imekatika, hakuna anayepata. Tukakaa, tukangoja.

Lakini njia iliyo wazi wakati mali yako inakwenda, ikafungwa wakati mali yako inarudi? Hiyo si hitilafu. Hiyo ina mtu anayenufaika nayo, au walau ina mtu ambaye haimkoseshi usingizi.

Nilipiga simu dukani. Binti mwenye sauti laini: "Mpendwa mteja, kwa upande wetu malipo hayaonekani. Wasiliana na mtandao wako." Nikapiga kwenye mtandao. Kijana mwenye sauti laini zaidi: "Mpendwa mteja, kwa upande wetu muamala umekamilika. Wasiliana na mfanyabiashara." Nikarudi dukani. Nikarudi mtandaoni. Siku tatu nilikuwa mpira, wao wanapigiana danadana, na kila pasi naambiwa mpendwa. Kwa upande wetu, kwa upande wetu. Na upande wangu mimi uko wapi? Upande wenye pesa ndio pekee usio na kiti katika mazungumzo haya.

Nikachoka. Nikamtafuta kijana mmoja hapa mjini anayetengeneza tovuti, nikamkalisha kwenye kahawa, nikambana: hivi inakuwaje?

"Mzee," akaniambia, "habari ya malipo inarudi dukani kwa njia mbili. Njia ya kwanza inapitia mkononi mwako. Ukishalipa, simu yako inarudishwa kwenye ukurasa wa duka, ule unaoandika asante, agizo limepokelewa. Njia ya pili haikugusi kabisa. Kompyuta ya wale wa malipo inaiambia kompyuta ya duka: fulani kalipa, kiasi hiki, kwa agizo hili. Wewe ukizima simu ukalala, wao wanaongea."

"Sasa duka linaamini ipi?"

"Lenye akili linaamini ya pili. Na hiyo ya pili ikichelewa, halikai tu. Linauliza lenyewe: lile agizo vipi, limelipwa? Baada ya dakika mbili linauliza tena. Jioni linakaa na daftari lake na daftari la wale wa malipo, mstari kwa mstari, kuona nani kalipa na hajaandikwa."

"Na lisilo na akili?"

Akacheka, akanywa kahawa. "Hilo linakungoja wewe urudi na ule ukurasa. Usiporudi, hukulipa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Usiporudi, hukulipa.

Umesikia, msomaji? Yaani ushahidi wa pesa zangu wameufunga kwenye mkia wa mtandao wa Gongoni! Mtu wa Masaki kule Dar mwenye waya wa intaneti hadi chumbani, ukurasa unarudi, amelipa. Mtu wa Sikonge, mtu wa Kaliua, mtu wa Ulyankulu aliyepanda kichuguu kutafuta mtandao, ukurasa haurudi, hakulipa. Pesa ni zilezile. Sekunde ni zilezile nne. Tofauti ni kichuguu.

Tena akaniambia jambo lililonikata maini zaidi. Lile la kukatwa mara mbili lina dawa, na dawa yake ni ya kitoto. Agizo moja lipewe namba moja. Bonyeza mara moja, bonyeza mara kumi, namba ni ileile, na mfumo ukiona namba imeshalipwa unakataa. Basi. Duka langu, kila nilipobonyeza jaribu tena, lilijizalia agizo jipya, kama nyumba ambayo kila ukibisha hodi wanakuandika mgeni mwingine na kukudai kiingilio.

Mimi si mtu wa kuisifu serikali kila Ijumaa, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu mfumo wa serikali wa kukusanyia malipo, GePG, uanze mwaka 2017, bili inakuja na namba yake ya tarakimu 12, ile inayoanza na 99, na namba hiyo inaifuata bili kutoka mwanzo hadi risiti. Mama muuza dagaa asiyejua kompyuta ni kitu gani anajua kusema, namba yangu ni hii, angalieni. Kama ofisi za serikali, tunazozisema kila siku, ziliweza, duka lenye tovuti inayometameta kama harusi linashindwa nini?

Linashindwa kwa sababu hakuna anayelidai. Na hapo nakuja kwako wewe.

Wewe, ndiyo, wewe unayesoma huku ukitikisa kichwa. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala ya simu, ulifanya nini? Ulipiga kelele. Ulipiga kelele kijiweni, ndani ya daladala, kwenye kila kundi la simu uliloingizwa. Watu wakaacha kutumiana pesa, mawakala wakakaa wanapiga miayo. Na Septemba ya mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kumbe sauti unayo! Babu zako kwenye misafara walilipa hongo Ugogo, na hongo ya wakati huo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu. Walibishana siku tatu kwa doti moja ya kaniki, wakapunguziwa. Umerithi mdomo ule. Sasa laki tatu na themanini na tano inakatwa mara mbili, mdomo umeufunga, unasema mtandao!

Shilingi mia ya tozo ilikutoa usingizini, laki saba na sabini inakulaza?

Barabarani tumefundishwa wimbo mmoja: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Afisa wa kodi akikukuta nje ya duka na mfuko wa misumari bila risiti, una kesi, wewe mnunuzi! Sasa nimenunua, nimelipa, nadai risiti wiki ya nne, mbona hakuna afisa wa kunikuta? Misumari ya nusu kilo ina ulinzi wa dola, pampu ya mtandaoni ina mpendwa mteja.

Tena tuna mfano hapahapa kwetu, wala hatuhitaji kwenda mbali. Oktoba 1871 mmisionari Livingstone aliingia Ujiji, mgonjwa, miguu imekwisha, akitegemea shehena aliyotumiwa kutoka Unguja: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za ushanga. Akakuta hakuna hata yadi moja. Aliyekabidhiwa mzigo, Sherifu mmoja, alikuwa ameuza wote. Na alipoulizwa? Akasema alipiga ramli kwa Msahafu, ramli ikamwonyesha kuwa Mzungu amekufa.

Yaani mfumo ulionyesha mteja hayupo.

Mteja kasimama mbele yake, anapumua, anatembea, na bado kwa upande wetu huonekani! Niambie kuna tofauti gani na yule binti wa sauti laini. Yule wa Ujiji walau alijisumbua kupiga ramli.

Mwaka uliofuata, Livingstone huyohuyo akakaa Kwihara, umbali mfupi tu kutoka hapa mjini, katika tembe ambalo leo watalii wanapelekwa kulitazama. Stanley aliagana naye tarehe 14 Machi 1872, akaahidi kumtumia wapagazi kutoka pwani. Hakuna simu, hakuna reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kuna miguu ya watu tu, na masika, na mito. Wapagazi wakafika tarehe 14 Agosti. Miezi mitano kamili, na mzigo ukafika, na watu wakafika. Mimi nina intaneti, nina namba ya siri, nina ukurasa unaosema usafirishaji ndani ya siku tatu za kazi, na naanza kumwonea wivu mgonjwa wa mwaka 1872.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haikutungwa na kijana wa kompyuta. Iliwafaa watu waliokopeshana vitambaa Unguja na kuvilipia kwa pembe baada ya miaka miwili, baina yao pori la Mgunda Mkali. Daftari lilikuwa roho ya biashara. Mwenye kukopesha hakumwamini mtu kwa sura wala kwa sauti laini, aliamini kilichoandikwa pande zote mbili.

Na daftari hilo halijafa. Nenda kwa binti wakala pale karibu na stendi, kwenye kibanda chake cha mbao chenye mwavuli uliochanika. Ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Amelichora mistari kwa rula: tarehe, namba ya simu, kiasi, kumbukumbu namba, sahihi. Kalamu ameifunga kwa uzi kwenye msumari isiibwe. Nimemwona mara ngapi! Mtu kaleta pesa, meseji haijaingia, mtu anataka kuondoka. "Baba, shikamoo, subiri kwanza meseji iingie, nawe usaini hapa." Mtu anakunja uso. Binti hajali. Meseji inaingia, wanatazama wote wawili, mtu anasaini, anaondoka. Kibanda cha mbao! Kinathibitisha malipo kuliko duka lenye ofisi ghorofani.

Na usidhani anayeumia ni mnunuzi peke yake. Mama mmoja ninayemfahamu anauza asali, ile ya miombo, nyeusi, nzito, anaitafuta hadi Sikonge. Mteja wa Dar alimtumia picha ya meseji ya malipo, tarakimu zimepangika, jina la mtandao liko juu. Akapakia ndoo mbili kwenye basi. Usiku alipotazama salio, salio ni lilelile la jana. Ile picha ilitengenezwa. Tangu siku hiyo haamini picha, haamini meseji, haamini hata malipo ya kweli mpaka afungue salio lake mwenyewe. Wateja waaminifu wanakasirika, wanasema mama una dharau. Wengine wamehama.

Unaona sasa? Palipo na pengo kati ya kulipa na kuthibitisha, mwizi anajenga nyumba. Anayelipa kweli haaminiwi, anayeghushi anapakiwa ndoo.

Matokeo yake ndiyo haya tunayoishi nayo, ila hatujayapa jina. Watu wamerudi kumpa konda wa basi pesa ndani ya bahasha. Mwenye duka la vipuri anapanda basi mwenyewe hadi Kariakoo, siku nne anakula na kulala njiani, kununua kitu kinachouzwa mtandaoni. Binti wa jirani yangu alilipia maombi ya chuo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Pesa ilikatwa, mfumo wa chuo ukaendelea kuandika hujalipa, mpaka dirisha likafungwa. Pesa ilikuja kuonekana baadaye, wakamwambia kwa furaha kabisa, imeonekana! Mwaka haukuonekana. Yuko nyumbani, anamsaidia mama yake kukaanga karanga.

Nani alisimamishwa kazi kwa ajili ya mwaka wa yule binti? Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipogoma na nchi nzima ikashindwa kununua umeme, Dar ikiwamo, waziri alitoka mbele ya kamera na watu wakasimamishwa. Giza la wote lina waziri. Giza la mmoja mmoja lina huduma kwa wateja.

Ninachodai si kikubwa. Aliyeshika pesa ndiye athibitishe. Si mimi. Kampuni ya malipo ina kumbukumbu, duka lina kumbukumbu, wana mikataba baina yao, wana kompyuta zinazoongea usiku kucha; mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka. Iweje mzigo wa ushahidi nibebe mimi? Kama pesa imetoka kwangu na agizo halijasimama, pesa irudi yenyewe, siku ileile, bila mimi kuomba, kama ilivyotoka yenyewe. Kama wanaweza kukata kwa sekunde nne, nisiambiwe kurejesha ni siku kumi na nne za kazi. Kazi gani hiyo?

Wala wasiseme hakuna sheria. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ipo tangu 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, mwaka huohuo. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Karatasi tunazo za kufungia maandazi ya mji mzima. Kinachokosekana ni malalamiko yaliyoandikwa. Wewe unalalamika kwa mkeo, mkeo anamlalamikia jirani, jirani naye kakatwa juzi, mnacheka, mnalala. Benki Kuu itajuaje?

Kwa hiyo acha kufuta meseji za malipo kwa sababu simu imejaa. Futa video za harusi ya watu usiowajua. Ukurasa ukikwama, usibonyeze mara ya pili kama nilivyofanya mimi mjinga. Tazama salio kwanza. Ukipiga simu, usikubali kukata kabla hujapewa namba ya lalamiko, uiandike, na jina la aliyekupa. Nunua daftari. Ndiyo, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Chora mistari.

Mimi nimelinunua. Mstari wa kwanza una pampu mbili ambazo sijawahi kuziona. Safu ya sahihi iko wazi.

Leo asubuhi, siku ya ishirini na sita, nimepiga tena. Binti yuleyule, au dada yake. Ameniomba, mpendwa mteja, nitume upya picha ya meseji zote mbili ili wazifanyie kazi. Ni mara ya sita naombwa. Nikarudi chini ya mwembe, nikanyoosha mkono, nikatuma. Picha ya kwanza ikaenda. Ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Simu ikatetemeka, nikajua sasa imeingia.

Ilikuwa meseji ya bando. Limekwisha, ninunue jingine. Hiyo ilifika palepale.